Vifunze vidole vyako kupiga taipu kabla havijaanza kuuma

JE, msomaji, umewahi kuamka usiku wa manane ukaukuta mkono wako umekufa ganzi, ukaukung'uta kama mtu anayekung'uta maji, na ndipo hisia zikaanza kurejea polepole? Mama mmoja ninayemfahamu, ambaye hupiga taipu katika chumba cha ghorofani mtaani River Road, Nairobi, aliishi na tatizo hilo kwa miezi mingi bila ya kumwambia mtu. Aliogopa. Kazi yake ni kuwaandikia watu hati za viapo, barua za kuomba kazi na ratiba za mazishi, naye hulipwa kwa ukurasa. Siku ambayo mikono yake haifanyi kazi hakuna wa kumlipa.

Kwenye meza ya pili, kando yake, hukaa kijana aliyejifunzia kompyuta katika saiba. Yeye hutumia vidole viwili tu, vile vya shahada, akividonoa vibonye kama kuku anayedonoa mtama. Ana kasi ya kutosha na wateja hawalalamiki. Mikono haimwumi hata kidogo. Kinachomwuma ni shingo, na ifikapo saa kumi jioni huwa hawezi kuigeuza kumtazama mteja anayemwita kutoka upande wa kushoto. Hulazimika kugeuka na kiti chake.

Watu hawa wawili wana makosa yasiyofanana. Mama alisomea usekretari katika miaka ya themanini, kwenye taipureta ya chuma. Anajua kila kidole na kibonye chake, na hata leo ukimfunika macho ataandika barua nzima bila ya kosa. Lakini ile mashine aliyojifunzia ilitaka kibonye kishindiliwe hadi chini ndipo chuma cha herufi kiruke na kuugonga utepe wa wino. Hiyo ndiyo nguvu anayoitumia mpaka leo, kwenye kibodi ya kompyuta ambayo haihitaji nguvu ya namna hiyo. Kibonye cha kibodi nyingi za siku hizi hushuka kwa uzito wa gramu 60 hivi, yaani uzito wa yai moja la kuku. Kijana naye anagusa kwa wepesi, ila hajui herufi ziko wapi. Macho yake hushuka kwenye vibonye, hupanda kwenye kioo, hurudi kwenye karatasi ya mteja, na shingo hufuata macho.

NDANI YA MKONO

Hebu tufanye jaribio dogo kabla ya kuendelea. Shika mkono wako wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, kwa kiganja cha mkono wa kulia. Sasa vichezeshe vidole vya kushoto kama anayepiga taipu. Utahisi nyama zikicheza huko juu, mbali kabisa na vidole. Misuli mingi inayovikunja na kuvinyosha vidole haimo vidoleni wala kiganjani. Imo katika sehemu hiyo uliyoishika, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu, mithili ya kamba za mtu anayechezesha vikaragosi.

Kano hizo hazina budi kupita kwenye kifundo cha mkono. Upande wa ndani wa kifundo kuna njia nyembamba ambayo sakafu yake ni mifupa na paa lake ni utepe mgumu wa nyuzi. Humo hupita kano tisa pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mkono ukiwa umenyooka, nafasi inatosha. Unapoupinda juu au chini nafasi hupungua, kano husuguana na mshipa hubanwa. Mshipa huo ndio unaokipa hisia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kwa hiyo mtu ambaye mshipa wake umebanwa hapo hufa ganzi katika vidole hivyo, hasa usiku, kwa kuwa wengi wetu hulala tukiwa tumekunja mikono.

Ikiwa ganzi iko katika kidole cha mwisho, huo ni mshipa mwingine, ambao hupita nyuma ya kiwiko. Mara nyingi mwenye tatizo hilo ni yule anayeegemeza kiwiko juu ya meza siku nzima huku ameshika simu.

Hapa yafaa tuwe waangalifu. Watu wengi husema kuwa kibodi ndiyo inayosababisha kubanwa kwa mshipa huu, lakini ushahidi wa madaktari juu ya jambo hilo si mkubwa kama watu wanavyodhani. Kazi za mikono za kutumia nguvu nyingi, na mashine zinazotetemeka, zina lawama zaidi. Aidha, ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, hasa wajawazito, na watu wenye kisukari, baridi yabisi, unene wa kupindukia au upungufu wa homoni za tezi iliyo shingoni. Mjamzito kwa kawaida hupata nafuu baada ya kujifungua. Lakini yule mama wa River Road, alipokwenda hospitalini hatimaye kwa ajili ya mkono, alipimwa damu na kukutwa na kisukari ambacho hakuwa akikijua. Angeendelea kuilaumu kibodi peke yake, angeendelea kunywa chai yake ya vijiko vinne na kusubiri.

Basi ikiwa mkono wako hufa ganzi usiku baada ya usiku, au vikombe vinakuponyoka, au nyama iliyo chini ya kidole gumba inaonekana kupungua, usijitibu kwa kujifunza taipu. Nenda ukaonwe na daktari. Ukiwahi mapema, mara nyingi huanzishiwa banzi la kuvaa usiku ili kifundo kisijikunje, au hudungwa sindano. Ukichelewa huenda ukafanyiwa upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe uliobana njia. Mshipa uliobanwa kwa muda mrefu mno huenda usirudi kama ulivyokuwa.

Maumivu ya kawaida ya wapiga taipu ni mengine: uchovu wa misuli ya mkono, kano zinazowaka, mabega yaliyokaza, shingo. Hayo ndiyo ambayo mazoea mema huyapunguza.

KIKAO KWANZA

Wengi hukimbilia vidole na kusahau kiti. Kaa mgongo ukiegemea, nyayo zikiwa sakafuni. Viwiko viwe karibu na mbavu, vimekunjwa kama pembe ya meza, na vilingane na kibodi kwa kimo. Ikiwa meza ni ya juu, jambo la kawaida katika afisi zetu, inua kiti au keti juu ya mto, na miguu ikining'inia weka kasha chini yake. Kioo cha kompyuta kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukilingana na macho. Karatasi unayonakili isilale mezani. Isimamishe kando ya kioo, hata kama ni kwa kuiegemeza kwenye chupa ya maji.

Kibodi nyingi zina vijiguu viwili nyuma vya kuiinamisha. Watu huvisimamisha wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Vikunje. Kibodi ikiinuka nyuma mikono hupindika kwenda juu, na hiyo ndiyo hali tuliyosema hubana njia ya kano. Kifundo cha mkono kielee unapopiga, kisilale juu ya ukingo wa meza. Kipumzishe unapoacha kupiga. Wenye kompyuta za kubeba wana taabu zaidi, maana kioo na kibodi vimeshikana: ukiweka kimoja sawa kingine kinaharibika. Ikiwa unaitumia siku nzima, nunua kibodi ya pembeni na kuiinua kompyuta yenyewe juu ya vitabu.

KILA KIDOLE NA MAKAO YAKE

Mpangilio huu wa herufi ulianza Marekani kwa Christopher Latham Sholes na wenzake, na mashine yao ikaanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka wa 1874. Hapo mwanzo kila mtu alitafuta herufi kwa macho. Mnamo Julai 25, 1888, mjini Cincinnati, mwandishi wa mahakamani aitwaye Frank McGurrin alishindana kwa kasi na mwalimu wa taipu, Louis Traub. McGurrin alikuwa amezihifadhi herufi zote kwa moyo, na aliponakili karatasi macho yake hayakubanduka karatasini. Alishinda, na tangu hapo shule za usekretari zikafuata njia yake.

Tazama safu ya katikati ya herufi. Kwenye F na kwenye J utapapasa kijialama kilichoinuka. Kimewekwa hapo ili vidole vya shahada vipate makao yake bila ya macho. Kidole cha shahada cha kushoto kikikaa juu ya F, cha kati kitakuwa juu ya D, cha pete juu ya S na cha mwisho juu ya A. Kulia, cha shahada kitakaa juu ya J, cha kati K, cha pete L, na cha mwisho juu ya nukta mkato. Vidole gumba vielee juu ya kile kibonye kirefu cha kuacha nafasi. Vikunje vidole kidogo, kama anayefunika chungwa kwa kiganja.

Kutoka makao hayo kila kidole hupanda safu moja na kushuka safu moja, kisha hurudi. Cha mwisho cha kushoto kina Q juu na Z chini. Cha pete kina W na X, cha kati E na C. Cha shahada kina R na V, na tena huchukua safu ya jirani: T, G na B. Kulia, cha shahada hushika U na M, kisha Y, H na N. Cha kati kina I na mkato, cha pete O na nukta. Cha mwisho kina P juu, mkwaju chini, na ritifaa, ile alama ya neno ng'ombe, iliyo pembeni yake.

Unapofuata kibonye cha mbali, usikipinde kifundo kwenda pembeni ili kidole kifike. Uhamishe mkono wote, kisha uurudishe. Kwa herufi kubwa tumia kibonye cha mkono wa pili: ukitaka A kubwa, kidole cha mwisho cha kulia ndicho kishikilie kile cha herufi kubwa. Mtu anayejaribu kufanya yote mawili kwa mkono mmoja huukunja kama anayetaka kuutoa mkono kwenye bangili.

KISWAHILI KINA MZIGO WAKE

Sholes hakuwa na habari za Kiswahili. Hesabu herufi katika mstari wowote wa gazeti hili na utaona ni A inayotangulia kwa wingi, nayo imeangukia kidole cha mwisho cha kushoto, kilicho dhaifu. Kisha kuna kidole cha shahada cha kulia. Neno 'huyu' lote ni lake peke yake, herufi zote nne. Katika 'nyumba' hupiga herufi nne za kwanza mfululizo bila ya kupata msaada, ndipo mkono wa kushoto unapomalizia. Kwa upande mwingine, Q na X hatuna haja nazo, na C haiji ila ikifuatana na H.

Mwalimu wa taipu aliyefunzwa kwa vitabu vya Kiingereza hawezi kukuambia haya. Ndiyo sababu huwa napendekeza kwamba anayeandika Kiswahili kila siku ajizoeze kwa maneno ya Kiswahili, na akijali zaidi vidole hivyo viwili. Kidole cha A kisibamize. Kiguse tu. Ukihisi unakinyosha kikakauka huku vingine vikifanya kazi, simama, kilegeze, uanze tena.

Mazoezi ya safu ya katikati pekee yanaweza kuanza hivi: dada, kaka, saga, lala, ghala, kasha, jalada, dagaa, sadaka, fadhaa. Kisha sentensi: dada akasaga kaka akalala. (Msinilaumu akina kaka, ni kibodi iliyopanga.) Sentensi hiyo ina herufi 22, na 12 kati yake ni A. Ipige mara kumi taratibu, bila ya kutazama chini, na utajua kwa nini nimekitaja kidole cha mwisho. Baada ya siku nne au tano ongeza safu ya juu: kuku, kiti, dawa, huru, pesa, safari. Safu ya chini ije mwisho: mama, bamba, nyumba, chanjo, zamani.

Funika mikono kwa leso au taulo nyepesi. Ni njia ya zamani na ingali bora, kwa maana macho ya binadamu hayana subira na yataiba. Dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha. Saa mbili za Jumamosi haziwezi kufidia siku sita za kukaa bure, na zaidi ya hayo zitakuchosha kano ambazo hazijazoea. Usitafute kasi. Ukikosea, punguza mwendo mpaka makosa yaishe, maana kidole kilichojifunza kosa hulirudia kwa ukaidi.

Jambo moja la kuwapunguzia watu fadhaa. Kasi ya taipu hupimwa kwa maneno kwa dakika, lakini katika kipimo hicho 'neno' ni mapigo matano. Neno letu moja, 'nitakapowaandikia', lina herufi 17, sawa na zaidi ya maneno matatu ya kipimo. Ukihesabu maneno ya Kiswahili kwa macho utajiona mzito kuliko ulivyo.

Kuna atakayeuliza kama ni lazima, ikiwa vidole viwili au vinne vinamtosha. Swali hilo ni la haki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, nchini Ufini, waliwachunguza wapiga taipu mwaka wa 2016 na kuona kwamba baadhi ya wale wasiofunzwa walikuwa na kasi sawa na ya waliofunzwa, mradi kila herufi waiachie kidole kile kile na mikono isihangaike huku na huku. Hata hivyo, wale wasiofunzwa walitazama mikono yao kwa muda mrefu zaidi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikiwa wima, mifupa ya shingo ndiyo inayokibeba. Kikiinama, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke, asubuhi hadi jioni. Vidole viwili vinaweza kuwahi kazi. Shingo ndiyo inayolipa.

Kadhalika usisahau kupumzika. Kila baada ya nusu saa iondoe mikono kwenye kibodi kwa dakika moja, iache ining'inie, tazama mbali nje ya dirisha. Halafu usiitumie dakika hiyo kuandika ujumbe kwenye simu kwa vidole gumba, kama wafanyavyo wengi, ukadhani umepumzika.

Yule mama sasa anameza dawa za kisukari na huvaa banzi usiku. Kuacha kubamiza vibonye kumemtaabisha kuliko kuacha sukari, kwa kuwa mikono yake ina miaka zaidi ya thelathini ya chuma ndani yake. Ameandika 'yai' kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kwenye ukingo wa kioo.

Kijana alianza na leso ya mama huyo huyo juu ya mikono, asubuhi kabla ya wateja kufika. Majuma matatu ya kwanza yalikuwa mabaya. Alipiga ukurasa mmoja kwa muda aliokuwa akipiga miwili, na mwenye chumba alinung'unika. Siku za kazi nyingi alivirudia vidole vyake viwili, akaona haya, akaanza tena. Nilipopita hapo katika juma la tisa alikuwa akinakili hati ya kiapo, na mteja akamwita kutoka upande wa kushoto. Alimgeukia na kumjibu, kiti kikiwa pale pale, na mikono ikaendelea kupiga.